Ndama wa Digrii Kumi na Mbili

Mume wangu hulala chini ya magari. Sisemi kwa mafumbo. Hulala kweli, mchana, kuanzia saa saba mpaka saa nane, chali juu ya kipande cha turubai, miguu imechomoza nje kama ya mtu aliyegongwa. Wateja wageni hushtuka wakiiona ile miguu. Mimi huwaambia wasijali, huyo yuko hai, wakae kwenye benchi wasubiri aamke, kisha naendelea kushona.

Tuna uwanja mmoja na kazi mbili. Upande wa ukuta kuna cherehani yangu, ninaposhonea makava ya viti vya magari. Upande wa lango ni wake, na kazi yake ni kunyoosha magurudumu. Hana mashine ya kompyuta kama gereji kubwa. Ana timazi, ule uzi wenye chuma kizito mwishoni ambao waashi hutumia kujua kama ukuta umesimama sawa. Huuning'iniza kwenye madigadi ya gari, yale mabati yanayofunika matairi, mpaka karibu na ardhi, huchukua rula ya shule, akapima nafasi iliyopo kati ya uzi na rimu, juu na chini. Nafasi zikilingana, gurudumu limesimama. Zisipolingana hukuna kidevu na kuingia chini ya gari. Ndiyo maana watu wanamwita Timazi, na siku hizi hata mama yake mzazi anamwita hivyo.

Akiamka hunisimulia aliyoyaota. Anasema ukilala chini ya gari dunia unaiona kwa viatu na matairi tu, watu hawana nyuso, na vumbi linaelea kwenye mwanga bila haraka ya kwenda popote. Aliwahi kuota magari yote ya mji yameinamiana yakinong'ona. Siku nyingine aliota anatembea kwenye barabara laini kama unga, na kila akigeuka nyuma hakuona nyayo zake bali alama za tairi. Nilimwambia apunguze kula mchana.

Mtu wa namna hii si kwamba hapendi watu. Hajui tu aanzie wapi. Mkimkalisha mbele ya uso wa mtu, maneno yanamkauka. Lakini akiwa chini ya gari, na mwenzake amelala pembeni kamshikia tochi, atasema mpaka betri zife. Mimi nilichumbiwa hivyo. Sijui gari hata kidogo, nilishika tochi tu.

Ana mdogo wake mmoja, na mdogo wake ni kinyozi. Baba yao alipofariki, Timazi alikuwa na miaka kumi na tisa na yule tisa. Timazi akamlea. Alimfulia sare, alimkagua kucha, alimfokea alipochelewa, na kwa kuwa alikuwa mtoto anayejifanya baba, alifoka kupita baba. Mdogo mtu alipokua akahama. Hapakuwa na ugomvi wowote. Alifungua kibanda chake cha kunyolea ng'ambo ya soko, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwetu, na kwa miaka kumi hao ndugu wawili wakawa watu wa "Salama?" "Salama." Walikutana kwenye misiba na harusi. Mama yao tunaishi naye sisi, na mwanawe mdogo alipokuja kumwona alipita uwanjani haraka, akampungia kaka yake mkono na kuingia ndani. Mume wangu hakulalamika hata siku moja. Ila gari lolote lilipopunguza mwendo langoni, niliona anainua kichwa.

Mwaka juzi ukazuka mtindo wa kulaza magurudumu. Labda umeyaona magari hayo. Linashushwa mpaka tumbo linakaribia lami, kisha magurudumu yanainamishwa, juu yanaingia ndani ya madigadi na chini yanatokeza nje, basi gari linasimama kama ndama aliyezaliwa asubuhi ile ile. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mume wangu aliuchukia mtindo huo. Wenye magari walikuja kumbembeleza, naye aliwajibu jibu moja: "Ukitaka cha kulala, nenda kwa seremala akuchongee kitanda."

Halafu Alhamisi moja, siku ambayo vinyozi wengi wa kule sokoni hufunga mchana, mdogo wake aliingiza gari uwanjani. Gari dogo la kawaida, la milango minne, rangi ya maziwa. Alizima injini, akashuka, akasimama mbele ya kaka yake mikono nyuma kama anayekaguliwa kucha.

"Kaka, naomba unifanyie kitu."

Mguu wangu uliacha kanyagio la cherehani. Kwa miaka kumi sikuwahi kumsikia akiomba.

"Nataka unilazie magurudumu. Wenzangu wamefanyiwa ovyo, magari yanavuta upande. Mimi nataka mkono wako."

Mume wangu aliliangalia gari, akaangalia viatu vya mdogo wake. "Digrii ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Lete."

Jioni nilimuuliza kulikoni, mbona wale wengine aliwatuma kwa seremala. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga, anasugua kucha moja moja. "Wale ni wateja," alisema. "Huyu ni mdogo wangu."

Ilimchukua wiki mbili. Alitoa springi akaweka fupi, akaweka mikono mirefu ya chini, vile vyuma vinavyoshika gurudumu, akapanua matundu ya bolti, akapima, akafungua, akapima tena. Mdogo wake alikuja kila jioni baada ya kufunga kibanda kumshikia tochi. Mwishoni timazi ilionyesha juu ya rimu kumezidi chini kwa sentimita nane na nusu, ndizo digrii kumi na mbili, kushoto na kulia, mbele na nyuma, bila tofauti ya hata unene wa ukucha. Watu wa mtaani walikuja kuliangalia. Wakaliita Ndama, na jina likashika. Mdogo mtu alikuwa akisimama kando yake anatabasamu, na mume wangu alikuwa akisimama kando ya mdogo mtu.

Sasa kosa lilikuwa hapo, na lilitokana na ufundi wenyewe. Gari lililolazwa ovyo huvuta upande, usukani hupigana na dereva, mwenyewe anaogopa na kulirudisha lilivyokuwa. Hili, kwa sababu pande zote zililingana, lilikwenda kama uzi. Kwenye lami kavu uliweza kuachia usukani na lisiyumbe. Halikumwonya mwenyewe kwa lolote.

Baada ya wiki sita alirudi, matairi yamekwisha. Ukiyatazama kwa nje ungesema yametoka dukani jana, kashata za mpira bado zimejaa. Ukiinama ukatazama upande wa ndani, kipara kitupu, na nyaya zimeanza kuchungulia. Mume wangu alichukua chaki akachora mstari mweupe kuvuka upana wa tairi, wakalisukuma gari hatua chache. Chaki ilifutika upande wa ndani tu, upana wa vidole viwili. Kwingine kote ilibaki nyeupe kama ilivyochorwa.

"Unaona?" alisema. "Gari zima, na wewe ndani yake, mnashikilia barabara kwa vidole viwili vya mpira."

"Vidole viwili vinatosha, kaka. Muulize shemeji anashika sindano kwa vingapi."

Nilicheka, na mume wangu naye akacheka, na hilo halikuwa jambo la kila siku. Wakabadilisha matairi.

Ikawa hivyo. Kila wiki sita matairi mapya. Katikati yake, beringi inanguruma. Au madigadi yanakwaruza tairi kila gari likibeba watu. Au tumbo limepiga tuta na kitu kimening'inia. Siku zote Alhamisi, siku zote baada ya chakula cha mchana. Ndugu wawili walilala chali chini ya Ndama, jozi mbili za miguu zikichomoza, na mimi huku kwenye cherehani nilisikia sauti zao zikija na kupotea, kama redio ya jirani. Nilisikia habari za baba yao ambazo miaka ishirini na mbili ya ndoa haikunipa. Kwamba alikuwa akiimba akinyoa ndevu. Kwamba alimfundisha Timazi kuendesha baiskeli kwa kumwachia mteremkoni bila kumwambia. "Mimi simkumbuki sauti," nilimsikia mdogo akisema siku moja, na mume wangu akaimba kidogo, kwa chini, vibaya sana. Mchana ule ulikuwa mrefu na wa joto, kava la kiti likanitoka mikononi, sijui kama nilisinzia au nilisikiliza tu.

Mimi si mtu wa kuona jambo nikalimeza. Siku moja nilikuwa nafagia, nikafika kwenye rundo la matairi ya Ndama nyuma ya ukuta. Nikainama nikapitisha kidole upande wa ndani, waya ukanichoma. Nilimwendea na kidole changu kinatoka damu.

"Wewe kazi yako ni kunyoosha. Hili mbona hulinyooshi? Hata ungelipunguza likawa digrii tatu, asingekuwa anamaliza matairi hivi."

"Nikilinyoosha litakaa mwaka mzima halihitaji kitu."

"Si ndiyo maana ya kazi yako?"

"Mwaka mzima," alisema tena, polepole, akiutazama uzi wa timazi ukizunguka mkononi mwake.

Nikaelewa. Nilimwonea huruma, kisha nikakasirika vilevile. Nikamwambia, "Yaani unamwacha mdogo wako atembelee nyaya ili mradi aje kukushikia tochi." Aliingia chini ya gari la mtu na kukaa humo mpaka jioni. Ningeweza kumwambia shemeji mwenyewe. Sikumwambia, na hilo ni langu, sitamsukumia mtu. Mimi pia nilikuwa nimezizoea Alhamisi zile.

Mvua zilipoanza, mama mkwe akapata habari kwamba dada yake, aliyebaki peke yake katika wale waliozaliwa pamoja, yu mgonjwa. Anakaa ng'ambo ya milima, safari ya saa nne za kona na miteremko. Mama mkwe akasema Jumamosi anakwenda, na atapelekwa na kitinda mimba wake na Ndama wake. Alilipenda gari lile. "Kuingia ni kuanguka tu," alisema, "ila kutoka nataka watu wawili." Mume wangu aliendelea kutafuna. Kisha niliona taya limesimama.

Alhamisi ya wiki hiyo mvua ilinyesha adhuhuri ikakatika. Uwanja wetu una saruji, ukilowa unang'aa. Ndama aliingia langoni kama kawaida, shemeji akakanyaga breki mahali anapokanyaga siku zote, na gari halikusimama. Magurudumu yalikuwa yameganda, hayazunguki, lakini gari lilikuja. Liliteleza kimya kuelekea kwenye cherehani yangu, bila haraka, na mimi nilikaa nimeshika kitambaa nikilitazama. Niliona matone ya mvua kwenye boneti. Niliona uso wa shemeji nyuma ya kioo, umetulia, kama wa mtu anayesubiri zamu. Lilisimama pua yake ikiwa shubiri moja kutoka kwenye kanyagio langu.

Shemeji alishuka, akacheka kicheko chembamba. "Samahani, shemeji. Ndama alitaka kukusalimia."

Mume wangu hakucheka. Alikuwa amechuchumaa langoni anatazama mistari iliyobaki kwenye saruji, myembamba, vidole viwili vya upana. Akaifuata kwa macho mpaka miguuni kwangu. Kisha akageuka akautazama mlango wa chumba cha mama yake.

"Niwekee mapya, kaka," shemeji alisema. "Keshokutwa nampeleka mama."

"Liache hapa. Njoo kesho jioni."

Ijumaa mchana aliingia chini ya Ndama, akalala. Sikusikia spana. Nilidhani ameishiwa na nguvu kwa kuwaza. Alipotoka alikuwa na jasho shingoni na hakunisimulia kitu, ikabidi nimuulize. Akasema ameota amelala barabarani, mlimani, mvua inanyesha, na viatu vya mama yake vinapita, vile vya kitambaa vya kijani. Vinapita vyenyewe, hakuna miguu ndani. Vimeinamiana, vinateleza sambamba mteremkoni, taratibu, wala havigombani na maji. Alinyoosha mkono akashindwa kuvifikia.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Nikilinyoosha, hatakuja tena," akasema.

"Huenda," nikamwambia. Sikutaka kumdanganya.

Aliinuka akaenda stoo, akarudi na springi nzima na mikono ya zamani, vimefungwa kwenye magunia na kupakwa grisi. Alikuwa ametunza kila kitu. Alifanya kazi peke yake mpaka saa kumi na moja jioni, na tochi nilimshikia mimi. Alichomelea yale matundu aliyoyapanua, akatoboa mapya, akafunga na matairi mapya. Alining'iniza timazi mara nne, magurudumu manne. Kila mara alitazama rula kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Shemeji alifika, akasimama langoni. Ndama alikuwa amesimama wima kwa miguu yake yote, kama gari la mtu yeyote.

"Umenifanyia gari la mwalimu mkuu," alisema.

"Mama atasafiri salama."

"Hukuniuliza."

"Ungekataa."

Alilizunguka gari mara moja, akagusa madigadi. Nilidhani atapaza sauti, ikawa afadhali angepaza. "Ulikuwa unajua ni hatari? Tangu lini?"

"Tangu ile chaki."

"Miezi yote hiyo. Mbona ulinyamaza?"

Mume wangu alifungua mdomo. Nilimtazama, nikamwombea kimoyomoyo aseme, maneno yenyewe yalikuwa machache. Akatazama viatu vya mdogo wake, akaenda kunawa mikono. Shemeji alichukua ufunguo mezani kwangu akaondoka na gari.

Jumamosi alikuja alfajiri akamchukua mama. Jumapili jioni akamrudisha, na mvua haikuwa imekatika njia nzima. Mama mkwe alisema alilala kuanzia kona ya kwanza, na alipoamka alidhani bado wako langoni. Dada yake alikuwa amemtambua. Shemeji alimshusha, akanisalimia, akamwambia kaka yake "Salama?" Kaka yake akajibu "Salama."

Basi likaja lile tulilolijua. Gari lililonyooka halina shida na mtu. Wiki sita zikapita, zikapita nyingine sita. Mama mkwe alikuwa akipelekewa salamu kwa simu. Kila Alhamisi mume wangu alifagia sehemu yake mara mbili, akaacha nafasi ya gari moja wazi, na wateja wenye haraka aliwaambia waje Ijumaa. Aliacha kulala mchana. Alisema haoti siku hizi, kwa hiyo halali, anapoteza muda tu. Nilimvumilia Alhamisi kumi na nne. Ya kumi na tano nikazima cherehani.

"Yeye alikuja hapa miezi na miezi. Wewe kwake umekwenda mara ngapi?"

Alifikiri. Alikuwa hajakwenda hata mara moja.

"Nikaseme nini?"

"Kwani watu huenda kwa kinyozi kusema?"

Akajishika kichwa. Nywele zake nazikata mimi, kwa mkasi wa nguo, tangu tuoane, na ukimwona utajua. Alisema leo ni Alhamisi, kibanda kimefungwa. Nikamwambia basi kesho. Ijumaa alioga mara mbili, akavaa shati la harusi za watu, akanitaka nimsindikize, na njiani alitembea nyuma yangu hatua moja.

Kibanda ni kidogo, viti viwili vya kunyolea na benchi la wanaosubiri, kioo kirefu, harufu ya spiriti na poda. Shemeji alikuwa anamalizia mteja. Alituona kwenye kioo, mkono wake ukasita, kisha ukaendelea. Nilikaa kwenye benchi. Mume wangu alisimama mlangoni, anatazama miguu ya viti.

Mteja alipoondoka, shemeji alipangusa kiti kwa taulo, mbele na nyuma, zaidi ya ilivyotakiwa.

"Kaka. Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima."

"Kuna kitu kimeharibika?"

"Hakuna."

Alikaa kwenye kiti. Shemeji akamfunga shuka shingoni, akamtazama kichwa pande zote, akanitupia jicho mimi niliyezikata zile nywele. Akawasha mashine. Kwenye kioo, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, wale ndugu walikuwa wanaangaliana usoni, na mmoja wao hakuwa na pa kukimbilia kwa sababu amefungwa shuka.

"Nikunyoe vipi?"

Mume wangu alitazama kioo. Nilimwona akitafuta maneno, akiyakosa, akiyatafuta tena.

"Punguza kidogo tu," alisema. "Zikibaki nyingi, nitapata sababu ya kurudi wiki ijayo."

Mashine iliendelea kulia mkononi mwa shemeji, haijagusa kitu. Kisha akaizima, akaitundika, akachukua mkasi na kitana, ambavyo huchukua muda mrefu zaidi.